Fundi ameniuliza nataka gari lipi, nami sina jibu

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari langu la kila siku, nimeegesha ng'ambo ya gereji, nimeshindwa kuingia. Wiki hii ni mara ya pili.

Nina miaka 44, nimeolewa, tuna watoto wawili. Baba yangu alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha Peugeot 404 ya mwaka 1967. Hakuinunua mpya. Aliipata kwa mtu mwingine kabla mimi sijazaliwa, ikiwa imeshatembea vya kutosha. Watu wanaikumbuka 404 kwa mapezi yake ya nyuma na gia ya kwenye usukani. Mimi naikumbuka kwa harufu ya petroli, ya viti vilivyopigwa jua, na ya sabuni ya mche ambayo baba aliikandika kwenye tenki siku lilipovuja, akaisahau, ikakaa miaka.

Na ni ya kijani. Kiwandani haikutoka hivyo. Baba na rafiki yake waliipiga rangi wenyewe uani, kwa kompresa ya kuazima, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Juu ya taa ya mbele ya kushoto kuna mbu aliyenasa rangi ikiwa mbichi. Yuko hapo mpaka leo, amekauka, mguu mmoja umeinuka. Mimi na kaka tulikuwa tunamwita abiria.

Tulipogawana vitu vya baba, kaka yangu mkubwa alichukua vingine, mimi nikaomba gari. Mama alisema neno moja tu: "Lisije likafia uani."

Nikatafuta gereji inayoshughulika na bodi za magari ya zamani na si kitu kingine. Hiyo ni miezi 19 iliyopita. Fundi mkuu alilizunguka gari akiwa na kisumaku kilichofungwa kitambaa, akawa anakigusisha hapa na pale. Kwenye paa kilishika. Kwenye boneti kikashika. Chini ya milango kikateleza, kikaanguka. "Hapa hakuna bati, mama. Hapa ni puti," akasema. Akanipa makadirio ya gharama, na muda wa miezi minane. Aliniambia wazi kuwa ni makadirio. Mimi nilisikia tarakimu, neno lenyewe likanipita.

Sasa bili imefika mara mbili na nusu ya tarakimu ile, na rangi haijaguswa. Gari limefunguliwa lote: injini, viti, vioo, nyaya, mipira ya milango, kila kitu kiko kwenye mifuko na maboksi. Bodi imefungwa kwenye fremu inayozunguka, wanailaza ubavu wakitaka kufanya kazi chini. Sehemu ya chini waliipuliza mchanga mpaka likabaki bati tupu, kisha wakaipaka praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi. Vizingiti vya milango, pande zote mbili, vimeliwa kwa ndani. Sakafu upande wa dereva ina matundu ya kupitisha ngumi. Pale jeki inaposhika pamekuwa kama karatasi iliyolowa. Fundi ananitumia picha kila mara, na kila picha inakuja na nyongeza yake.

Chini ya kapeti walikuta kiraka cha baba. Alikata kopo la mafuta ya injini, akalinyoosha, akalibana kwa ribiti juu ya tundu. Upande wa chini maandishi ya kopo bado yanasomeka. Fundi amekikata kwa sababu bati lote la kukizunguka lilikuwa limeoza, lakini hakukitupa. Amekiweka rafuni, akakifungia kikaratasi kama anavyokifungia kila kifaa. Vifaa vingine vimeandikwa "bawaba, mlango wa nyuma kulia", "skrubu za dashibodi". Kibati cha baba kimeandikwa "Na hiki?"

Nililia pale pale, mbele ya vijana wa gereji.

Fundi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Alikwangua kidogo ndani ya buti akakuta rangi ya kiwandani, kijivu cha kupauka. Anasema kazi ya kiwango chake ni kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani: vizingiti vipya, sakafu mpya, rangi ile ya kwanza, na kunyoosha kila bonde, pamoja na lile la ubavuni nyuma ambalo kaka alilipata kwa kugonga geti akijifunza kuendesha. Milango, boneti na paa bado vina kijani, hajavigusa. Nikikataa, atamaliza kazi ya chuma tu, apake praima, nije kulichukua. Au nilichukue lilivyo sasa. Nisipojibu, ataanza kunitoza gharama ya nafasi, maana kuna gari la mteja mwingine linasubiri fremu ile.

Sasa kuhusu mume wangu. Anajua habari za gari, hajui habari za bili. Nilianza kulipa kwa akiba yangu. Ilipokwisha nikachota kwenye fedha tunazoweka pamoja za kumalizia nyumba, nikijiambia nitazirudisha kabla hajaangalia. Huu ni mwezi wa tano. Si mtu mkali, na hilo ndilo linaloniumiza. Juzi aliniuliza, "Babu yetu anarudi lini barabarani?" Ndivyo anavyoliita lile gari. Nikamjibu, "Karibu."

Kaka anasema nimetapeliwa. "Fundi akikuona una uchungu na gari, hapo ndipo anapolia chakula chake." Anataka niliuze lilivyo. Lakini nilipomwambia kwamba bonde la geti litanyooshwa alinyamaza, kisha akasema kuna mtu anamwita.

Mama hajaliona tangu lifunguliwe. Naogopa siku atakayoliona.

Nimetapeliwa, mshauri? Niendelee, nisimame, au niuze? Na mume wangu nimwambie nini kuhusu gari ambalo hata mwenyewe sijui nalitengeneza liwe nini?

Wako,
Abiria wa Nyuma


Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea mzee mmoja ninayemfahamu, aliyefanya kazi ya bodi mpaka macho yakamkatalia. Mambo ya ndoa nayajua kidogo. Ya bati nilihitaji msaada. Alisikiliza kimya hadi nilipofika kwenye kikaratasi cha "Na hiki?" Hapo akaomba nirudie.

Umeuliza maswali matatu, na naona umeyapanga kwa urahisi wa kuyatamka. La utapeli umelitanguliza, la mume umeliweka nyuma kabisa, mahali ambapo mtu angeweza kulisahau. Sitalisahau. Lakini acha nianze na la kwanza, maana kaka yako amelitia moto na moto huo unakuzuia kufikiri.

Kizingiti cha mlango kwenye gari kama hilo si bati moja. Ni boksi refu lenye uwazi ndani. Peugeot 404 haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na vizingiti viwili vile ni sehemu kubwa ya mgongo wake. Maji huingia, tope huziba vitundu vya kuyatolea, unyevu hubaki humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Kipovu kidogo kikitokea juu ya rangi, ndani pameshakwisha. Juu yake aliyetangulia akipaka puti, nayo puti hunyonya unyevu na kuushikilia pale pale kwenye bati. Ndiyo sababu kisumaku kilianguka, na ndiyo sababu hakuna anayeweza kutaja gharama ya kweli kabla gari halijafunguliwa. Anayekupa bei isiyobadilika mapema hivyo, ama amejiwekea ya ziada ya kujikinga, ama atapunguza kazi mahali ambapo macho yako hayafiki.

Mzee aliniuliza swali moja tu: "Paa na boneti hajavipuliza mchanga?" Nikamwambia hajavigusa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kupuliza mchanga kunafaa sehemu za chini, ambako bati ni nene na limejikunja. Bati pana na jembamba kama la paa hutanuka na kupinda likipigwa mchanga kwa nguvu, na kulirejesha ni kazi ya kumliza mtu mzima. Kwa hiyo fundi mwenye haraka ya kula angepuliza gari zima kwa siku moja, akutoze, kisha akutoze tena kunyoosha alichokipinda. Huyu ameacha. Ongeza picha, ongeza maboksi, ongeza kibati cha kopo alichokifungia karatasi badala ya kukitupa jaani. Sisemi ni mwaminifu, simjui. Nasema tu kwamba uliyoyaandika wewe mwenyewe hayafanani sana na hukumu ya kaka yako.

Ila uaminifu ni kitu kimoja na hesabu ni kitu kingine. Fundi anaweza kuwa mkweli wa mikono na mzembe wa daftari, na mteja akaumia vile vile. Hapo ndipo ningekuuliza mambo ambayo barua yako imeyaruka. Kila nyongeza ilipokuja, uliridhia kabla ya kazi kufanyika, au ulipokea picha ya kazi iliyokwisha? Unajua saa zilikwenda wapi? Kurudisha bodi nzima hula mamia ya saa, na zikipita elfu moja wenye kazi yao hawashangai, kwa sababu sehemu kubwa ni msasa na kupima na kurudia. Lakini saa hizo huandikwa. Una haki ya kuona zimeandikwa: ngapi za kukata, ngapi za kuchomelea, ngapi bado, na ni nyongeza ya kiasi gani ambayo hataivuka bila sahihi yako. Ukiomba hayo kwa upole, namna atakavyokujibu itakuambia mengi kuliko simu kumi za kaka. Na ukiona bado una mashaka, mtafute fundi mwingine wa bodi asiye na maslahi na kazi hiyo, umlipe nusu siku, mwende naye. Aangalie kama matundu ya milango yaliwekewa vyuma vya kushikilia kabla ya vizingiti kukatwa. Aangalie kama milango imewahi kurudishwa mahali pake na kufungwa baada ya kuchomelea. Bodi ikihama kidogo wakati haina vizingiti, mlango hautakaa sawa tena hata uupake rangi ya aina gani. Haya yanaonekana kwa macho na kwa kidole kimoja kinachopitishwa kwenye mwanya.

Sasa hizo njia tatu ulizopewa. Nikizitazama vizuri, hazina uzito sawa.

Kulichukua lilivyo leo ndiyo njia ninayoiogopa zaidi kwa niaba yako. Kama vizingiti vimeshakatwa na vipya havijachomelewa, bodi hiyo haina mgongo; ukiinyanyua vibaya inaweza kupinda, na hapo utakuwa umelipa ili kuliharibu. Hata kuliuza kuna hasara, maana mnunuzi wa gari lililo ndani ya maboksi hulipia maboksi. Fundi mwingine naye huwa mzito kupokea kazi iliyofunguliwa na mikono mingine, kwa sababu hajui skrubu ipi imepotea. Siikatazi njia hiyo. Kuna watu waliokata hasara namna hiyo wakalala usingizi wa kwanza baada ya miezi. Lakini usiichague kwa sababu ya hofu ya mwisho wa mwezi.

Kazi ya chuma pekee, kisha kusimama, ina akili zake. Kilichooza kinakatwa, sakafu inakuwa sakafu, mahali pa jeki panashika jeki, na gari linaweza kukaa likingoja fedha. Mitego yake ni midogo lakini inauma. Praima si zote sawa. Ile ya kawaida ya kujazia hupitisha unyevu, na kutu huanza upya chini yake huku wewe ukidhani gari liko salama. Ya epoksi ndiyo inayofunga bati. Muulize kile kijivu alichopaka ni kipi. Uliza pia vizingiti vitamiminiwa lini nta ya kuzuia kutu kwa ndani, maana ukisahau hilo unarudi ulikotoka. Na ujue kwamba atakayepiga rangi miaka miwili baadaye huenda akataka kusaga yote aanze upya, kwa fedha yako.

Kuendelea hadi mwisho kunakupa gari zima, na pengine amani. Kunakupa pia bili ambayo sehemu yake ngumu bado haijaja, kwa sababu rangi nzuri si kupuliza, ni maandalizi. Na kuna hatari nyingine ambayo haiandikwi kwenye makadirio: gari likitoka likiwa safi kupita kiasi, utaogopa kulitoa nje. Nimeona watu wakilifunika turubai gari walilolirudisha ili walitembelee.

Lakini mwanangu, naona tatizo lako halianzii kwenye njia hizi. Linaanzia kwenye neno "kulirudisha". Kulirudisha wapi? Fundi anasema kiwandani. Kwake hilo ni jibu la heshima, ndiyo kazi aliyosomea. Ila baba yako hakuwahi kukaa ndani ya gari lilivyotoka kiwandani, alilipata limeshatembea. Wewe nawe hukumbuki kupanda gari la kijivu hata siku moja. Hata wenyewe wa magari ya kale hawakubaliani na kila fundi kwenye hili. FIVA, shirikisho lao la kimataifa, mwaka 2012 lilipitisha kitu kinachoitwa Mkataba wa Turin, na humo wanatenganisha kuhifadhi gari na kulitengeneza upya. Wanataka historia ya gari iheshimiwe pamoja na alama za maisha yake, na kila hatua ya kazi iwekwe kwenye kumbukumbu. Kwao gari huhesabiwa la kihistoria likifikisha miaka 30. Nimepiga hesabu kwa umri wako: rangi ya kijani yenyewe, na mbu wake, imeshapita miaka hiyo.

Usinielewe kwamba nakuambia ubaki na kijani. Kijani kina shida zake. Kinachobaki kwenye milango na paa hakitafanana na kijani kipya kitakachopakwa chini, na ukipaka gari zima kijani kipya utakuwa umenakili kazi ya uani ndani ya chumba cha kisasa cha rangi, na abiria wako atakuwa ameshuka. Na kama umewahi kuota kulipaka wewe na kaka kama alivyofanya baba, jua kwamba rangi nyingi za siku hizi za kuchanganya na kigumishi zina kemikali inayoharibu mapafu. Zinahitaji chumba maalumu na hewa safi ya kupumulia inayoletwa kwa mpira. Kompresa ya kuazima haitoshi. Kuna wanaochagua mambo ya katikati: chini pawe papya, juu pabaki na uzee wake uliosafishwa; au gari zima lipakwe upya ila kipande kimoja kiachwe. Wengine huona hayo ni viraka visivyo na adabu. Mzee wangu ni mmoja wao, alikunja uso kabisa.

Jambo moja tu halina mjadala wa moyo, nalo ni bati lililooza. Kiti cha dereva kinasimama juu ya sakafu ile. Baba alibana kopo pale kwa sababu ndicho alichokuwa nacho siku hiyo, na nadhani kama angekuwa na bati zuri asingelitafuta kopo. Fundi alipokikata hakuvunja kumbukumbu yako. Aliiondoa chini ya miguu ya watu.

Kuna mtu mmoja hujamuuliza kitu, na nashangaa. Mama yako. Wewe unamwogopa atakapoliona, lakini yeye, kwa jinsi ninavyosoma barua yako, alilijua gari akiwa mtu mzima kabla halijawa kijani. Lilipoingia nyumbani lilikuwa na rangi gani? Huenda lilikuwa limeshapakwa rangi nyingine ya tatu. Huenda lilikuwa kijivu kile kile, na yeye akapanda kiti cha mbele akiwa binti mdogo kuliko ulivyo wewe sasa. Ikiwa hivyo, kile unachokiona ni rangi ya kiwandani ya mtu baki huenda ni gari la mama yako, na kijani ndicho kilichokuja kulifunika. Sijui. Wewe pia hujui. Na alichosema siku ile ni gari lisife uani; hakusema liwe jipya, wala hakusema libaki lilivyo.

Na kaka yako, yule aliyeitwa na mtu alipolisikia bonde la geti. Unaweza kuamua kwamba ni mkaidi. Mimi nilisoma nikafikiri labda anasema "uza" kwa sababu kuuza ni haraka na hakumlazimu kutazama. Naweza kuwa nimekosea. Lakini bonde lile ni lake kuliko lilivyo la fundi au lako, na huenda lingekuwa swali dogo la kumrudisha kwenye mazungumzo: linyooshwe au liachwe? Swali la fedha mtagombana. Hilo la bonde sidhani.

Nimefika kwa mume wako.

Umeandika kwamba si mkali na kwamba hilo ndilo linalokuumiza. Nadhani nimekuelewa: angekuwa mkali ungejua pa kujikinga. Umechukua fedha mlizoweka wawili, kwa miezi mitano, na unasubiri gari lipendeze ndipo useme, ili uzuri wake ukutetee. Ni jambo la kibinadamu sana. Lakini tazama hesabu yake: kama gari halijapendeza kwa miezi 19, kuna uhakika gani kwamba litapendeza kabla hajaangalia akiba?

Ukimwambia kabla ya kumjibu fundi, unampa nafasi ya kusema "simama", na huenda asiseme kwa upole uliouzoea. Utalazimika kumsikiliza, na huenda gari likaishia kwenye praima kwa miaka. Hiyo ni hasara ya kweli, siipunguzi. Ukimwambia baada ya kuamua, gari utakuwa umeliamulia mwenyewe, ila yeye atakuwa amepokea taarifa, na "Karibu" uliyomjibu juzi itakuwa na uzito mwingine kichwani mwake. Ukikaa kimya, hilo ni jibu pia, tena lina riba. Ukiamua kusema, ningekuomba uende na karatasi na si na picha za gari: kilicholipwa, kilichotoka kwenye nyumba, kinachobaki, na namna unavyofikiri kukirudisha. Picha zitamfanya akuonee huruma kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na mtu aliyenyimwa hasira yake ya haki huja kuidai siku nyingine. Ile habari ya babu yetu isikufanye uone anakubana. Mimi niliiona kama mtu anayebisha hodi.

Kuhusu mwisho wa mwezi: anachokihitaji fundi ni fremu yake. Muulize kama bodi inaweza kushushwa ikawekwa kwenye kitoroli chenye magurudumu, ikiwa imeshikiliwa vizuri, ili mteja mwingine apate nafasi na wewe upate wiki nne au sita za kuongea na watu wako. Huenda akakutoza kidogo. Huenda akakataa. Lakini mpaka sasa umekuwa ukiegesha ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hajapata mtu wa kumjibu hata kama angetaka kukubali.

Ingia siku ya kazi, asubuhi, kabla vijana hawajawasha mashine za kusagia. Ukiwa humo, chukua kile kibati rafuni uondoke nacho. Gereji husafishwa, na anayesafisha huwa hasomi vikaratasi.